Ekari mbili nje ya Nairobi: mnapimaje kama familia inaweza kujitegemea hapo?

Jirani_Embakasi

Wadau, hamjambo. Naomba msaada wa watu wanaoyajua mambo haya kwa vipimo. Tunatafuta kipande cha ardhi ambacho familia ya watu watano inaweza kukimbilia mji ukifungwa, ikae wiki sita bila kununua maji, unga wala stima. Watu wazima ni watatu, mmoja wao mama mzazi mwenye kisukari anayetumia insulini, na watoto ni wawili. Baadaye tunataka kuhamia kabisa.

Madalali wametuonyesha sehemu tatu: ekari mbili kati ya Isinya na mji wa Kajiado, ekari moja na nusu karibu na Matuu, na ekari moja upande wa Njabini, Kinangop Kusini. Ukijumlisha na gharama za ujenzi, bei zinakaribiana. Kila dalali anasema maji yapo, barabara ipo, na stima iko "hapo tu". Mtu akienda kukagua apime nini, aanze na nini, na ni kitu gani kikikosekana anaondoka bila hata kuuliza bei?

Tangi_na_Gata

Hapo kuna maswali mawili, na madalali wanafaidi yakichanganywa. Wiki sita ni suala la akiba: unaweka, unafunga kufuli, unabadilisha vitu kwa zamu. Kuhamia kabisa ni suala la kile ardhi inachotoa kila mwaka, pamoja na mwaka mbaya. Isinya inaweza kupita mtihani wa kwanza ikaanguka wa pili.

Anza na hesabu ya maji kabla hujawasha gari. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Toa asilimia 15 kwa maji yanayoruka nje ya gata (mfereji wa ukingo wa bati), yanayovuja na yanayokauka juu ya bati la moto. Watu watano kwa lita 25 kila mmoja, yaani kunywa, kupika, kuoga kwa beseni na kufua kwa kubana, ni lita 125 kwa siku. Wiki sita zinahitaji lita 5,250. Hilo ni tangi moja la lita 6,000 na kufuli, basi. Mwaka mzima ni lita 45,600, na hapo ndipo kazi ilipo.

Kwa Isinya chukua milimita 500 kwa mwaka wa kawaida. Paa la mita za mraba 80 litakupa lita 34,000, kwa hiyo tayari hazitoshi. Mwaka mbaya kadiria nusu ya mvua: lita 17,000. Ili upate zile 45,600 kwa milimita 250 unahitaji takriban mita za mraba 215 za bati. Ndiyo maana huko huhesabu nyumba peke yake. Hesabu stoo, banda la mbuzi na kibanda cha gari, vyote viwe na gata tangu siku ya kwanza.

Ukubwa wa tangi unaamuliwa na urefu wa kiangazi, si na jumla ya mvua ya mwaka. Kuanzia mwisho wa Mei hadi mwisho wa Oktoba ni siku 150 hivi, sawa na lita 18,750. Vuli ikikosa, unavuta hadi katikati au mwisho wa Machi, na hapo unahitaji karibu lita 37,000 zilizokaa tayari. Vuli hukosa: kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ilifeli katika sehemu kubwa ya maeneo makavu ya nchi. Matangi mawili ya lita 10,000 yanapendeza kwenye picha ya dalali, lakini kwa mwaka kama huo hayafikishi Krismasi.

Makosa ya ujenzi ni yale yale kila mahali. Tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani kumi. Ukilikalisha juu ya udongo mweusi bila kuchimba na kujaza mawe na zege, msingi unainama msimu wa kwanza, tundu la bomba linapasuka na maji yote yanakwenda usiku mmoja. Kosa la pili ni bomba la kumwaga maji ya kwanza. Mvua ya kwanza inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo mwaga angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba: lita 40 kwa paa la mita 80. Bomba la inchi 4 linabeba karibu lita 8 kwa mita, na kale ka mita moja na nusu ambako mafundi wengi wanafunga kanamwaga lita 12 tu. Tumia pipa la lita 60 chini yake, na uache kitundu kidogo kinachodondosha ili pipa liwe tupu kabla ya mvua inayofuata.

Akikwambia "utachimba kisima", muulize jirani aliyechimba mambo manne: kina, maji yanasimama mita ngapi kutoka juu, anapata mita za ujazo ngapi kwa saa, na kama pampu huvuta hewa Septemba. Wewe mwenyewe utahitaji uchunguzi wa mtaalamu wa maji ya ardhini na kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, kabla ya mtambo kuingia. Halafu kuna floraidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa na vinavyozunguka Nairobi, Kajiado ikiwemo, vinapita hapo. Angalia meno ya mbele ya watoto waliozaliwa na kukulia hapo. Ukiona mistari ya kahawia na vidoa kama chokaa, jibu unalo kabla ya maabara. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki ikiwa imekolea zaidi. Chujio la mkaa wa mifupa linafanya kazi, lakini ule mkaa unachoka na lazima ubadilishwe. Kwa kunywa na kupika, maji ya paa ni rahisi zaidi.

Bwawa la wazi huko lisikudanganye. Jua na upepo wa Kajiado vinaweza kukausha kimo cha karibu mita mbili kwa mwaka. Bwawa la mita moja na nusu linanyweshea mawingu.

Jembe_la_Kukotwa

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu maji. Mimi naongeza udongo na chakula.

Nenda na jembe, mtaimbo, chupa mbili za kioo zenye kifuniko na lita 20 za maji. Chimba mashimo matatu yenye kina cha mita moja: juu, katikati na chini ya shamba. Dalali atakuonyesha juu tu. Angalia mizizi imefika wapi, na murama au mwamba unaanza wapi. Ukikuta madoa ya kijivu na ya rangi ya kutu katika sentimita 50 za kwanza, maji hutuama hapo wakati wa masika, na mahindi yatageuka manjano hata ukimwaga mbolea namna gani.

Lowesha udongo kiganjani ufinyange kama ugali mgumu, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Ukizidi sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito. Pale Isinya utaukuta mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Tembelea nyumba za majirani utazame pembe za madirisha: nyufa za mshazari zinatoka hapo. Tazama pia nguzo za ua kama zimelala. Si sababu ya kukataa shamba, ila msingi utakula pesa, na choo cha shimo kisichojengewa ukuta kitabomoka.

Kipimo cha maji taka nacho hakina gharama. Chimba kishimo cha sentimita 60, kijaze maji jioni yalowe usiku kucha. Asubuhi weka maji ya sentimita 15 na upime yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2.5, shimo la kunyonya maji taka halitafanya kazi hapo. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, chako au cha jirani.

Rutuba usiibahatishe. Chota udongo wa sentimita 20 za juu sehemu 15 hadi 20 ukitembea kwa zigizaga, changanya kwenye ndoo ya plastiki, peleka nusu kilo KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, Kabete. Usichote penye zizi la zamani wala palipochomwa takataka, maana majibu yatakuwa matamu kuliko shamba lenyewe.

Sasa chakula. Akiba ya wiki sita kwa watu watano, kwa gramu 400 za nafaka, 60 za kunde au maharagwe na 25 za mafuta kwa mtu kwa siku, ni kilo 84 za nafaka, karibu kilo 13 za maharagwe na lita 6 za mafuta. Ongeza kilo moja ya chumvi. Kwa hiyo gunia moja la kilo 90 linawatosha. Weka mahindi mazima, kwa sababu unga unachacha baada ya miezi michache, na uwe na kinu cha mkono. Posho mili ya kijiji inategemea stima au dizeli, na siku unayoihitaji ndiyo siku vyote viwili vimekatika. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yale ya kulowekea yamwagwe, la sivyo nusu ya mtungi wa gesi inaishia kwenye sufuria moja ya githeri.

Kuhifadhi ndiko watu wanakoumia. Mahindi yawe na unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Huna kipima unyevu? Weka chumvi kavu kiasi cha robo ya chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi nusu, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Yakiwa makavu, tumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa: kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, weka juu ya mbao mbali na ukuta. Nunua ya kilo 50 badala ya 90. Ukifungua mfuko mara kwa mara kuchota gorogoro moja, umewarudishia dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, hewa. Ukungu nao si mchezo: sumu ya aflatoksini kwenye mahindi yaliyowekwa na unyevu iliua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui.

Kwa kuhamia kabisa, Matuu ndipo ningeweka pesa, mradi shamba linafikika kutoka mfereji wa Yatta unaoleta maji ya mto Thika. Ukambani vuli ndiyo mvua ya kutegemea kuliko masika, kwa hiyo mahindi ya Katumani, ndengu na kunde yapandwe kabla au pamoja na mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba. Mbaazi ziingie hapo hapo zivunwe Julai au Agosti, wakati kila kitu kingine kimekauka. Njabini mvua zipo, lakini mahindi yanakaa shambani miezi minane au zaidi na jalidi inaweza kuyaunguza njiani. Kule chakula ni viazi, kabichi na minji. Halafu viazi vya Shangi vinaiva upesi na kuchipua upesi vile vile. Kama unataka akiba ya miezi, panda aina inayolala muda mrefu.

Bikoni_Nne

Mimi niguse njia na karatasi, kwa ufupi.

Shamba likaguliwe mara mbili: wiki ya mwisho ya Oktoba kabla mvua haijashuka, na katikati ya Aprili. Dalali akikuharakisha ununue Januari, fahamu kwa nini. Udongo mweusi ukilowa unashika tairi hadi gari linakaa kwa tumbo, hata lile la kuvuta magurudumu manne. Pima umbali kutoka lami hadi lango, kisha uliza wenye bodaboda, si mwenye shamba, ni siku ngapi kwa mwaka hawafiki. Kila mkondo unaovuka barabara bila daraja uhesabu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara nyingi ambazo mwezi mmoja kabla zilionekana salama.

Jambo la mpaka. Wakati wa korona, kuanzia 6 Aprili 2020 hadi 7 Julai 2020 hakuna aliyeruhusiwa kutoka wala kuingia eneo la jiji la Nairobi bila kibali. Sehemu zako zote tatu zilikuwa nje ya mstari huo. Aliyekuwa Embakasi na chakula chake kikiwa Matuu alibaki Embakasi. Kwa hiyo gawa akiba: wiki mbili nyumbani mjini, nne shambani, na mkubaliane mapema ni ishara gani ikitokea mnaondoka, maana ukingoja tangazo umechelewa.

Karatasi: fanya sachi rasmi (upekuzi wa rekodi kwa msajili wa ardhi) mwenyewe, usipokee nakala ya dalali. Linganisha ramani ya msajili na ardhi ukiwa na sarveya mwenye leseni, mguse bikoni zote, yaani alama za mpaka. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, maombi yapelekwe ndani ya miezi sita baada ya makubaliano, la sivyo mauzo ni batili. Mume au mke wa muuzaji awepo. Cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi si hatimiliki. Upande wa Kajiado uliza kama ardhi ilitoka ranchi ya kikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja, na kama mgawanyo ulikamilika. Penye mto, kuna ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka kingo ambao huruhusiwi kulima wala kujenga.

Na zile nyaya kubwa zinazokutana Isinya hazikuletei wewe stima. Zinakunyang'anya ardhi tu, kwa kuwa chini yake hujengi. Pima kutoka transfoma ya kijiji: ukipita mita 600, jiandae kulipia nguzo au uende sola moja kwa moja.

Jirani_Embakasi

Asanteni sana, haya ndiyo nilikuwa nayatafuta. Mawili yamebaki. Insulini ya mama itakaaje stima ikikosekana wiki nzima? Na sola, nikipanga taa nne, simu, redio na friji ndogo, Njabini itafanya kazi sawa na Isinya?

Sola_Mtaani

Hesabu ya umeme kwa siku: taa nne za wati 5 kwa saa tano ni watisaa 100, simu na redio 50, friji ndogo ya DC ya lita 100 weka 500. Jumla 650. Isinya, paneli ya wati 300 kwa saa tano za jua kamili, ukitoa asilimia 30 inayopotea, inatoa 1,050. Unabaki na ziada. Njabini kati ya Juni na Agosti kuna mawingu na ukungu, kwa hiyo hesabu saa tatu: 630. Friji itazima betri polepole na utalaumu betri. Dawa yake ni kuongeza paneli, kwa sababu betri kubwa isiyojazwa ni mzigo tu. Weka wati 600 kule. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina watisaa 1,280, karibu siku mbili za matumizi yako. Ukichukua ya asidi, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji ya ampea-saa 200 kupata kiasi hicho hicho.

Insulini isiyofunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa aina nyingi zinavumilia takriban siku 28 chini ya nyuzi 25 hadi 30, ila soma karatasi ya dawa yake na umuulize daktari wake. Friji ikifa, tumia chungu ndani ya chungu: mchanga kati yake, ulowe asubuhi na jioni, kitambaa chenye maji juu, kivulini penye upepo. Dawa iwe kwenye kopo kavu. Hakifiki nyuzi 8, ila kinashusha joto vya kutosha kuokoa dawa, na hufanya kazi vizuri Isinya na Matuu kwa sababu hewa ni kavu. Weka kipimajoto ndani, usikisie. Njabini chumba chenyewe ni baridi. Huko hatari ni jalidi, dawa iliyoganda inatupwa hata ikiyeyuka. Weka akiba ya miezi miwili, mpya ziende nyuma. Matuu kuna hospitali ya ngazi ya 4, na Njabini mtategemea ile ya mji wa Engineer. Endesha hadi hapo usiku ukiwa na saa mkononi. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, lakini jaribu kwanza kama simu inashika ukiwa ndani ya shamba, si barabarani.

Tangi_na_Gata

Ndugu Jembe, kuhusu mfereji wa Yatta: kuuona ukipita si kuumiliki. Kiangazi maji hugawanywa kwa zamu, na wa mwisho kwenye mkondo ndiye anayekaa bila. Uliza shamba liko juu au chini ya mkondo, zamu ilikuwaje Septemba iliyopita, na kama kipande hicho kimeandikishwa kwa watumiaji. Dharura ikitokea huko juu, wewe wa chini ndiye utakayejua kwanza. Hata kwa Matuu mimi ningehesabu paa kwanza, mfereji uwe wa bustani.

Jirani, kabla ya kurudi kwa madalali soma ripoti za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame za kaunti ya Kajiado. Zinaonyesha umbali ambao watu wanatembea kuteka maji na bei ya mbuzi. Chukua za Septemba na Oktoba 2022, uone mahali palivyokuwa pabaya zaidi. Kama umbali ulipanda mara mbili eneo hilo, swali la kisima limejijibu.

Ukifika kwenye kupima maji ya jirani: acha pampu iende dakika 10 hadi 15, jaza chupa ya plastiki kwa ajili ya floraidi na chumvi. Ya bakteria iwe chupa iliyosafishwa ya maabara, ikae kwenye barafu na ifike siku hiyo hiyo. Pigia maabara kwanza uulize wanapokea sampuli siku gani, kwa sababu ukichota Jumamosi inaweza kukaa hadi Jumatatu na majibu yake hayatakusaidia.